Mzee hasemi, lakini yumo

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila juma. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliokosa kusikiliza.)

Ndugu msikilizaji, yako maradhi yanayomnyang'anya mtu maneno yakamwachia akili yake. Sidhani kama upo mtaa usio na mgonjwa wa namna hiyo. Jana alikuwa barazani akipiga soga, leo asubuhi mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, na akitaka kusema "nipeni maji" kinatoka kitu kisichoeleweka, au hakitoki kabisa. Hicho ni kiharusi. Na kule kupotewa na lugha kunakofuata, wataalamu hukuita afasia.

Nimelazimika kulizungumzia jambo hili juma hili kwa sababu ya barua. Imetoka Korogwe, na aliyeiandika ni fundi cherehani. Baba yake yuko Handeni, na ni mwezi wa saba sasa tangu apatwe na kiharusi. Fundi huyu ameambiwa kwamba ng'ambo zipo mashine mbili, moja ya sumaku na nyingine ya umeme, ambazo mgonjwa akiwekewa kichwani huanza kusema. Ukoo umekaa kikao. Inatakiwa ziuzwe ekari nane za shamba la mzee ili apelekwe India. Fundi anauliza: tuuze, au tusiuze? Na katikati ya barua ameandika, kama jambo la kupita tu, kwamba mzee mwenyewe hakushirikishwa kwa kuwa "akili hana tena".

Mimi si daktari. Lakini nimekaa majuma kadhaa nikisoma habari za utafiti huo wa ng'ambo, kisha nikapanda basi hadi huko huko Handeni. Nitaanza na niliyoyasoma.

Mwaka 1861 daktari mmoja wa Paris, Paul Broca, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka ila silabi moja: "tan". Kila alipoulizwa swali alijibu tan, tan, hata watu wa hospitali wakamwita kwa jina hilo. Lakini Leborgne alielewa sehemu kubwa ya aliyoambiwa. Alijibu hesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umepooza, na asipoeleweka alikasirika. Alifariki siku chache baadaye. Broca alipoufungua ubongo wake alikuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Ikafahamika kwamba kwa watu walio wengi karakana ya lugha iko kushoto. Na kwa kuwa ubongo wa kushoto ndio unaoamuru mkono na mguu wa kulia, mara nyingi aliyepooza kulia ndiye anayepotewa na maneno.

Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, kuuona ubongo wa mgonjwa ilibidi kusubiri afe. Hali ilibadilika tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya Wimbledon, London, pale mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mashine hii ina kazi moja kubwa katika kiharusi: kuonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Ni lazima kujua, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humwokoa wa kwanza na inaweza kumwua wa pili.

Lakini picha ya CT ni kama picha ya nyumba iliyoungua. Inakuonyesha ukuta upi umeanguka. Haikuonyeshi ni nani bado yumo ndani anafanya kazi. Kwa hilo tulisubiri hadi miaka ya 1990, baada ya Mjapani Seiji Ogawa kuonyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kutumika haziitikii sumaku sawasawa. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu nyingi. Basi ukimlaza mtu ndani ya mashine ya MRI, ambayo ni sumaku kubwa mno, ukampa kazi ya lugha, utaona ni mahali gani panawaka.

Mwaka 2006 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 14 wa afasia waliopigwa picha za namna hiyo mara tatu kila mmoja. Picha ya kwanza ilipigwa kwa wastani siku ya pili baada ya kiharusi, ya pili karibu juma la pili, na ya tatu baada ya miezi ipatayo kumi. Ili uelewe walichokiona, fikiria ofisi ambayo mkuu wake ameugua ghafla. Siku za mwanzo hakuna kinachofanyika, hata makarani wazima wameduwaa. Hiyo ndiyo picha ya kwanza: upande wa kushoto ulififia hata katika sehemu ambazo hazikuguswa na kiharusi. Juma la pili ofisi nzima imechangamka kupita kiasi na kaimu ameshika kiti. Kaimu huyo ni upande wa kulia wa ubongo, mahali panapoelekeana na pale palipoharibika. Mwezi wa kumi mkuu amerudi, kaimu amerudi mezani kwake, na mgonjwa anasema vizuri zaidi.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kubishana, na ni ubishi ambao mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini ataufahamu. Kaimu huyu ni msaada au ni kizuizi? Yuko kaimu anayeiokoa ofisi, na yuko anayezoea kiti akawa hataki kuondoka.

Waliosema ni kizuizi walichukua chombo cha sumaku, cha aina ile aliyoionyesha Anthony Barker wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Ukikiweka juu ya kichwa hutuma mapigo yanayopenya fuvu bila kupasua kitu, na mapigo ya polepole hupunguza kazi ya sehemu iliyo chini yake. Mwaka 2013 watafiti wa Cologne na Montreal walieleza habari za wagonjwa 24 waliokuwa katika majuma ya mwanzo ya kiharusi. Kumi na tatu walimpunguza nguvu yule kaimu wa kulia kwa sumaku, kwa siku kumi za matibabu. Kumi na mmoja waliwekewa sumaku utosini, mahali pasipohusika, kwa maneno mengine danganya toto. Wale wa sumaku ya kweli walipata nafuu zaidi, hasa katika kutaja majina ya vitu, na picha zao zikaonyesha kazi ya lugha imerudi upande wa kushoto.

Lakini subiri. Watafiti wa Boston, mwaka 2009, walionyesha picha za wagonjwa sita ambao kushoto kwao kulikuwa kumeharibika vibaya. Hao walifundishwa kusema kwa kuimba, maana wako watu wasioweza kutamka sentensi moja lakini wakianzishiwa wimbo wanaufuata. Baada ya mazoezi mazito na ya muda mrefu, nyuzi zinazounganisha sehemu za lugha zilionekana zimeongezeka, na zilikuwa za upande wa kulia. Kama mkuu amefariki, kaimu ndiye uliyenaye. Kwa hiyo sumaku itakayomsaidia mgonjwa mmoja inaweza kumnyima mwingine msaidizi wake pekee. Haiwi kwamba mtu yeyote akiwekewa atasema.

Ya umeme je? Huko South Carolina, Marekani, mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 74 waliofanya vikao 15 vya kujifunza upya majina ya vitu. Karibu nusu walipitishiwa umeme hafifu sana kichwani wakati wa mazoezi, wengine wakawekewa waya uleule bila umeme wa maana. Waliopata umeme waliongeza kwa wastani maneno kama 14, na wengine maneno kama 8. Watafiti wenyewe walisema matokeo hayo yanaruhusu majaribio makubwa zaidi. Hawakusema dawa imepatikana.

Nakuomba, ndugu msikilizaji, uwatazame hao wa maneno manane. Hawakupata umeme. Walipata mazoezi. Na wale wa Cologne, baada ya sumaku kila siku walikaa dakika 45 na mtaalamu wa tiba ya usemi, wa sumaku ya kweli na wa danganya toto sawasawa. Katika majaribio yote niliyoyataja, mashine ilikuja juu ya mazoezi. Sumaku na umeme havina neno hata moja ndani yake. Neno huingizwa na mtu anayekaa mbele ya mgonjwa, akamwonyesha kikombe, akasubiri.

Baada ya kuyasoma hayo nilikwenda. Fundi alinipokea stendi ya Korogwe, tukapanda basi dogo kuelekea Handeni, kilomita zipatazo 65, siku hizi lami mwanzo hadi mwisho. Njiani alinieleza kwamba mzee alilazwa majuma mawili. Mguu ukaanza kurudi. Siku ya kuruhusiwa, mtumishi mmoja wa hospitali hiyo, ambayo sitaitaja, akawaambia kwa habari ya kusema hakuna la kufanya. Wakamrudisha, wakampeleka kwa mganga mmoja, halafu kwa wa pili.

Najua wasomaji wa mjini mmeshatabasamu, maana Handeni ina sifa yake katika mambo ya uganga. Msitabasamu sana. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowauliza watu wa Dar es Salaam na wa Hai, Kilimanjaro, kiharusi kinatokana na nini. Waliotaja mapepo na uchawi kwa wingi walikuwa watu wa Dar es Salaam. Wa Hai, wa kijijini, walitaja zaidi sababu za kawaida za mwili. Na utafiti mwingine wa sehemu hizo mbili, uliofanyika kati ya 2003 na 2006, ulionyesha kwamba ukilinganisha watu wa umri sawa, kiharusi kilikuwa karibu mara tatu zaidi Dar es Salaam kuliko Hai: watu 316 kwa kila laki moja kwa mwaka, dhidi ya 109. Presha ya damu haipigi hodi, na mjini ndiko inakofanya kazi zaidi. Mzee wa Handeni naye hakuwahi kupimwa mpaka siku alipoanguka.

Tulimkuta uani, kwenye kiti cha kamba, chini ya mwembe. Ni mtu mrefu, aliyekuwa karani katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, kazi yake kuhesabu mizigo ya majani. Watu waliokuwepo walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni gogo. Mmoja alinieleza habari za choo chake, mbele yake.

Nikamwamkia: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, safi kabisa.

Fundi akasema, "Hiyo tu anaweza." Nikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, na mzee akaichukua kutoka hapo, akaenda hadi ishirini bila kukwama. Madaktari waliliona jambo hili tangu karne ya 19: maamkizi, hesabu za mfululizo, dua, nyimbo na hata matusi huweza kubaki wakati maneno ya kuchagua yamepotea. Nilipomwonyesha kikombe na kuuliza ni nini, alisema "ki... ki...", akafumba macho, kisha akajipiga paja kwa hasira. Kisha akakichukua mkononi mwangu, akaonyesha kwamba hakina kitu ndani, akaunyosha kuelekea mtungi. Mtu asiye na akili hafanyi hivyo.

Binti yake mdogo ndiye anayemhudumia, na ndiye aliyejaribu kumfundisha. Alinieleza kwa masikitiko kwamba baba amekuwa akikosea hata maneno aliyokwisha kuyapata. Akitaka maji anasema "mazi", naye humsahihisha: si mazi, baba, sema maji. Mama, aliyekuwa jikoni, akacheka kwa sauti. Mazi ni maji kwa Kizigua. Mzee hakukosea.

Sasa nirudi kwenye barua. Swali la India nitalijibu wazi, kwa kadiri ya nilivyoelewa, na wao wakamwulize daktari kabla ya lolote. Nisingeuza. Sumaku na umeme wa ubongo kwa ajili ya lugha bado viko katika majaribio. Nafuu iliyopatikana ni ya wastani, si ya mtu kuamka akihutubia. Sumaku haiwafai walio na vyuma kichwani, na kwa wachache imewahi kuleta degedege. Na liko jambo ambalo katika kikao cha ukoo halikutajwa: tiba ya lugha hufanywa kwa lugha. Huko India nani atakaa na mzee saa nyingi akimwuliza kwa Kiswahili, achilia mbali Kizigua? Atawekewa mashine, na lile lenye uzito zaidi halitafanyika. Wala asije fundi mwingine akasikia neno umeme akafikiria betri ya pikipiki. Hilo ni kumwunguza au kumwua mtu.

Linalowezekana ni lipi? Ujerumani, mwaka 2017, yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 158 waliokuwa na afasia kwa miezi sita au zaidi, yaani kama mzee wetu, wakati ambapo wengi husema basi. Walipewa mazoezi ya usemi yasiyopungua saa kumi kwa juma, kwa majuma matatu au zaidi. Wakapata nafuu katika mazungumzo ya kila siku. Waliowekwa wasubiri kwanza kwa majuma matatu hawakupata nafuu hadi zamu yao ilipofika. Kuanza mapema ni bora, lakini mwezi wa saba mlango haujafungwa. Kinachohesabiwa ni saa.

Hapa kwetu wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno. Makerere, Uganda, walianza kuwasomesha mwaka 2008, na walioko Tanzania wengi wako miji mikubwa. Naona hilo ni la aibu kuliko kukosa mashine, maana mtaalamu hahitaji umeme wala jengo. Hata hivyo, nilimshauri fundi wampeleke mzee kliniki ya presha bila kukosa, Handeni au Magunga pale Korogwe, na waombe rufaa ya kumwona mtaalamu hata mara moja tu, awafundishe nyumbani. Siku moja ya mtaalamu na miezi mitatu ya binti ni bora kuliko ekari nane.

Halafu ekari zenyewe. Shamba ni la mzee. Niliwauliza kama ameambiwa. Kimya. Fundi, nami namheshimu kwa hilo, alisogeza kigoda akamweleza baba yake yote, polepole, palepale. Mzee alimshika mkono akaung'ang'ania kwa muda mrefu. Wengine wakasema amekubali, wengine wakasema amekataa. Mimi sikuweza kujua, na ndiyo sababu haitoshi kuuliza mara moja. Mwenye afasia anaweza kusema ndiyo akiwa anataka kusema hapana. Aulizwe asubuhi akiwa hajachoka, kwa sentensi fupi. Achorewe shamba kwenye karatasi, na fedha, na ndege, aonyeshe kwa kidole. Kesho aulizwe tena kwa kugeuza swali: usiuzwe? Akijibu namna moja mara zote, hiyo ni kauli yake. Dole gumba lililoshikwa na mtu mwingine likabonyezwa kwenye wino si kauli.

Ndugu mmoja aliniuliza wamfundishe kwa lugha gani, wakidhani Kizigua kitamchanganya. Wenye lugha mbili wakipata kiharusi, mara nyingi lugha zote hurudi pamoja. Wengine hutangulia ile ya utotoni, wengine ile waliyoitumia sana kabla ya kuugua. Mzee alikulia Kizigua, akahesabu mkonge kwa Kiswahili. Basi neno lolote litakalotoka lipokelewe. Tukakubaliana binti achukue asubuhi kwa Kiswahili na mama jioni kwa Kizigua, vitu kumi tu vya humo ndani, vilevile kila siku mpaka vizoeleke: kikombe, jembe, kanzu, chumvi. Aonyeshwe kitu, aulizwe, apewe muda. Asitajiwe haraka. Akikwama aanziwe silabi ya kwanza. Watoto wasimcheke, na wasimalizie maneno yake kabla hajajaribu. Na wakati wa mazoezi redio izimwe, maana kelele humtatiza mgonjwa wa namna hii, hata kama ni kipindi hiki.